Kisima Kina Maji, Bomba Linadondosha: Mafunzo Niliyopata

Nyumba ya wazazi wangu iko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, na maji yake ni ya kisima kirefu. Pampu iliyozamishwa kisimani huyapandisha hadi kwenye simtanki lililo juu ya mnara, kisha yanashuka yenyewe hadi jikoni, bafuni na uani. Ilifika siku bomba la mvua likawa linatoa maji kama uzi, na mama, mwenye kisima chake mwenyewe, akarudi kuogea ndoo. Jambo hilo liliniuma. Nikakaa na fundi bomba wa mtaani kwetu, tukaanza kuyafuatilia maji.

1. Uliza kwanza yamepungua wapi

Kabla ya kushika spana tulizunguka nyumba nzima, tukifungua koki moja baada ya nyingine. Koki moja ikilegea huku nyingine zina nguvu, tatizo ni la koki hiyo. Yakipungua ya moto peke yake, kagua hita na bomba lake. Zikilegea zote, anza kutazama bomba kuu, valvu na tangi.

Kwetu jikoni na bafuni kulikuwa na shida, lakini uani, ambako bomba lake linatoka tangini kivyake, maji yalimwagika vizuri. Fundi mwingine alikuwa ameshatushauri tununue pampu kubwa ya kisimani. Pampu hiyo isingemsaidia mama hata kidogo, kwa sababu kwenye nyumba yenye mnara kazi ya pampu ya kisimani inaishia tangini. Tangi likiwa limejaa, kisima kimeshamaliza wajibu wake. Inanisikitisha kuona familia ngapi zinauziwa pampu kwa ugonjwa ambao hauko kisimani.

2. Nguvu ya maji na wingi wa maji ni mambo mawili

Nunua geji ya presha ya kufunga kwenye koki, si ghali. Funga koki zote, soma. Kisha fungua koki mbili tatu, usome tena. Ikiwa presha ni nzuri maji yakiwa yametulia, halafu inaporomoka mara yanapotembea, kuna mahali yanabanwa. Ikiwa ni ndogo tangu yakiwa yametulia, tatizo ni kimo cha tangi au pampu ya presha. Wingi nao unapimwa kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 1,200 kwa saa.

3. Kimo ndicho kinacholeta presha, ukubwa wa tangi haumo

Kila mita 10 za kimo cha maji huleta takriban baa 1. Tangi ambalo maji yake yako mita 4 juu ya bomba la mvua linakupa baa 0.4 tu, na hapo bado hujatoa kinachopotea njiani. Simtanki la lita 5,000 halina presha zaidi ya la lita 1,000 kama maji yake yako kimo kilekile.

Wapo wanaoongeza kozi za matofali juu ya mnara wa zamani. Tafadhali usifanye hivyo bila mtu anayejua ujenzi. Lita 5,000 za maji ni tani 5, na watoto hucheza chini ya minara hiyo.

4. Fungua valvu uitazame ndani

Hapa ndipo tulipolikuta tatizo letu. Kwenye bomba la kuingia ndani kulikuwa na valvu ya geti, ile yenye gurudumu dogo. Ukiizungusha inazunguka vizuri, na yeyote angeapa kwamba iko wazi. Fundi alipoifungua, kile kisahani cha shaba kilikuwa kimekatika kwenye msumari wake, kimekaa chini kikiziba zaidi ya nusu ya njia, na juu yake chokaa imeganda pamoja na mchanga. Gurudumu lilikuwa linazungusha msumari mtupu. Tukaweka valvu ya mkono, inayofunguka kwa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yamefunguliwa.

Baada ya hapo tulifungua vichujio vidogo vya midomoni mwa koki. Vilijaa punje nyeupe. Vililala kwenye siki usiku mmoja, asubuhi tukavisugua kwa mswaki.

Kagua pia unene wa bomba. Kipenyo cha ndani kikipungua kwa nusu, msuguano wa maji yaleyale huongezeka takriban mara 30. Bomba la nusu inchi lisibebe nyumba nzima.

5. Pampu ya presha ikiwaka na kuzima kila mara, pima upepo

Kwa dada yangu Kibaha hakuna mnara. Kuna pampu ya presha na tangi lake dogo lenye mpira ndani. Zima umeme, fungua koki maji yaishe, halafu pima upepo kwa geji ya tairi. Unatakiwa uwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu, kwa psi 2 hivi. Maji yakitoka kwenye mdomo wa kujazia upepo, mpira umepasuka.

6. Kisima chenyewe kiachie zamu ya mwisho

Kama tangi ndilo halijai, sasa nenda kisimani. Mwambie fundi umeme apime volti pampu ikiwa inafanya kazi, na akague kapasita. Kisha pimeni kina cha maji, mkilinganishe na ripoti ya uchimbaji. Itunzeni ripoti hiyo pamoja na hati ya kiwanja. Kiangazi maji hushuka, na pampu kubwa hukikausha kisima mapema, huvuta mchanga, na karibu na bahari huweza kuvuta maji chumvi. Kisima kinachotoa lita 600 kwa saa, kikivutwa taratibu usiku kwa muda wa saa 8, kinatoa lita 4,800, karibu simtanki zima la lita 5,000.