Kabla Hujapiga Kelele za Kwelea, Mtazame Mdomo



Msimu uliopita kijana mmoja anayelima mpunga kando ya mto Ruhuhu alinipigia simu alfajiri: "Bwana shamba, njoo haraka, kwelea wananimaliza!" Nilipofika nilimkuta na chupa ya dawa ya wadudu mkononi, anataka kupulizia matete yote ya mtoni. Nikamwambia tukae kwanza, tutazame. Baada ya nusu saa tukaelewana: hawakuwa kwelea. Walikuwa kweche na mnana, kama hamsini hivi.

Hasara ya ndege ipo, sikatai. Lakini ukikosea kumtambua ndege, unapoteza hela na unatia sumu kwenye maji tunayokunywa na kuvulia samaki. Kwa hiyo leo tujifunze kuwatofautisha hawa watatu. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila tabia zao ni tofauti kabisa.

1. Kwelea kwelea
Ni mdogo, ana rangi ya kahawia yenye michirizi kama shomoro. Alama yake kubwa ni mdomo mwekundu, mnene. Dume wakati wa kuzaliana huwa na uso mweusi. Jike mdomo wake hugeuka wa njano kipindi hicho. Haji peke yake. Kundi lake huruka kama wingu la moshi, na likitua wale wa nyuma huwaruka wa mbele, utadhani linabingirika. Viota vyake ni vidogo na vimebanana, mamia kwenye mti mmoja wa miiba, au kwenye matete.

2. Kweche mwekundu
Dume wakati wa mvua huvaa nyekundu na nyeusi, mdomo wake mweusi. Hujitutumua manyoya hadi awe kama mpira, akizunguka juu ya eneo lake kufukuza madume wengine. Jike ni wa kahawia, na ndiye anayetuchanganya na kwelea, lakini mdomo wake si mwekundu. Viota vyao vimefungwa kati ya mabua ya matete, kimoja hapa, kingine pale.

3. Mnana
Huyu ni mkubwa kuliko hao wawili. Dume ni wa njano, kichwa cheusi, jicho jekundu. Viota vyake vinaning'inia kwenye minazi na miembe, mlango uko chini. Dume husuka kiota, kisha huning'inia chini yake akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike akikikataa, jamaa hukibomoa na kuanza upya! Mnana hula nafaka, lakini makinda huyalisha wadudu pia, kwa hiyo si adui wa kila siku.

Hesabu ya hasara
Kwelea mmoja hukadiriwa kula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Mmoja si kitu. Lakini kundi la 10,000 ni kilo 100, yaani gunia zima kwa siku moja. Ndiyo maana kundi la kweli la kwelea si la kupambana nalo peke yako.

Ufanye nini?
- Pandeni kwa pamoja na majirani. Shamba linalokomaa peke yake ndilo linaloliwa na ndege wote wa bonde.
- Palilia mapema. Kwelea hupenda sana mbegu za nyasi pori. Magugu yenye mbegu ni mwaliko.
- Amia ndege kuanzia masuke yanapoingia hatua ya maziwa hadi punje zinapokuwa ngumu. Nguvu iwe asubuhi mapema na alasiri, ndipo wanapokula zaidi. Jenga dungu, tumia kombeo na utepe unaong'aa, na ubadilishe mbinu maana ndege huzoea.
- Vuna mara mpunga unapokomaa. Usiuache ukisubiri bei.
- Ukiona kundi la midomo myekundu, fuatilia jioni wanalala wapi. Piga picha, kisha toa taarifa kwa afisa ugani au halmashauri, ili Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ijulishwe. Wataalamu hupulizia mahali ndege wanapolala, si shambani kwako.

Dawa hiyo ni kali. Huua pia mwewe na bundi wanaokula ndege waliokufa, na wewe usithubutu kuwaokota ukale. Kupulizia matete mwenyewe ni marufuku kabisa.

Yule kijana alirudisha chupa dukani, hela akalipa vijana wawili wa kuamia kwa wiki tatu. Mpunga wake aliuvuna, na mtoni hakuna samaki aliyeelea.

Kesho asubuhi, kabla hujarusha jiwe, tazama mdomo. Tukutane shambani!