Ugumu, Ukakamavu na Mkia wa Gari: Istilahi za Springi katika Karakana ya Kimumu

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali ambalo, kwa mtazamo wa haraka, halimhusu mwanafunzi wa Kiswahili: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linapoandaliwa kwa mbio za uwanjani, springi zake ziwe ngumu kiasi gani, na ugumu huo uwe mbele au nyuma? Swali ni la fundi. Hata hivyo, jibu lake hutolewa kwa lugha, na neno "ngumu" ndilo linalolivuruga. Madai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea mitambo yamesikika mno. Linalodaiwa hapa ni tofauti: maneno yapo, ila hayajatenganishwa, na kwa gari lililo kwenye kona kutotenganisha huko kunaweza kugharimu uhai.

Na ichukuliwe kwamba mteja analipeleka gari lake katika karakana moja ya jua kali huko Kimumu, kando ya barabara ya kutoka Eldoret kuelekea Iten, na kumwambia fundi: "Nyuma ifanye ngumu kidogo." Fundi anaweza kuielewa kauli hiyo kwa njia tatu. Anaweza kuweka springi ambayo haibonyei kwa urahisi. Anaweza kuweka shokamzoba nzito zaidi. Anaweza pia kubana mipira katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke. Katika hali zote tatu abiria atakayepita kwenye matuta atalalamika kwamba gari ni gumu, naye atakuwa amesema kweli. Lakini kwenye kona, magari hayo matatu hayatakuwa na tabia moja.

Inapendekezwa basi kwamba neno "ukakamavu" litengewe sifa moja tu: kiasi cha kani kinachohitajika ili springi ibonyee kwa umbali fulani. Springi inayohitaji nyutoni 20,000 kwa kila mita ina ukakamavu mdogo kuliko inayohitaji 30,000. Shokamzoba haina sifa hiyo, kwa kuwa yenyewe huitikia kasi ya mwendo wala si umbali. Ikisukumwa taratibu hukubali, ikisukumwa ghafla hukataa. Kwayo linafaa neno "ukinzani". Tofauti hii si ya kisarufi tu. Gari linapoingia kwenye kona au kutoka, shokamzoba ndizo huamua jinsi litakavyolalia upande. Likishatulia katikati ya kona, shokamzoba hunyamaza, na kazi hubaki kwa springi na stabilaiza, yaani ule ufito wa chuma uliopindwa unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia.

Kuhusu tabia ya gari lenyewe, zinahitajika istilahi mbili zaidi. Dereva anapopinda usukani na gari likaendelea kusonga mbele kuelekea mtaroni, hali hiyo na iitwe "upindaji hafifu". Mkia unapoteleza nje na gari likataka kugeuka kuliko alivyokusudia, na iitwe "upindaji mkithiri". Magari yanayovutwa kutoka mbele huelemea upande wa kwanza. Injini na giaboksi viko mbele, na tairi hizo mbili zinavuta, zinapinda na kubeba sehemu kubwa ya breki kwa wakati mmoja. Haishangazi kwamba ndizo huchoka kwanza.

Hapa ndipo ukakamavu wa nyuma unapoingia, na maelezo yake huwatatiza wengi. Gari likikata kona, mgandamizo huhama kutoka tairi za ndani kwenda tairi za nje. (Uzito wenyewe hauhami kama gunia linavyohamishwa, kinachobadilika ni jinsi kila tairi linavyokandamizwa barabarani.) Jumla ya mgandamizo unaohama hutegemea tungamo la gari, mchapuko wa kuelekea ndani ya kona, kimo cha kitovu cha uzito na upana kati ya magurudumu. Kwa gari la kilo 1,000, mchapuko wa mita 7 kwa sekunde mraba, kimo cha mita 0.5 na upana wa mita 1.4, jumla hiyo ni nyutoni 2,500. Springi haziwezi kuipunguza kwa kiasi cha maana. Zinachoweza ni kuigawa: upande wenye ukakamavu zaidi wa kuzuia ulaliaji, mbele au nyuma, ndio huchukua fungu kubwa.

Tairi nalo lina tabia yake. Likikandamizwa maradufu, mshiko wake huongezeka, lakini hauwi maradufu. Wachukuzi wawili wenye gunia moja moja la mahindi la kilo 90 watafika mbali kuliko wawili ambao mmoja amebeshwa yote mawili na mwenzake anatembea mikono mitupu. Kwa hiyo jozi ya tairi iliyogawiwa mgandamizo kwa usawa hushika barabara vizuri kuliko jozi iliyoelemewa upande mmoja.

Na turudi kwenye gari la mfano, ambalo kilo 620 ziko mbele. Mbele ikichukua asilimia 60 ya uhamaji huo, tairi la mbele la nje hukandamizwa kwa nyutoni zipatazo 4,540, na la ndani 1,540. Ukakamavu wa nyuma ukiongezwa hadi mbele ibaki na asilimia 45, takwimu hizo huwa 4,165 na 1,915. Tairi za mbele zimesaidiana zaidi, na upindaji hafifu umepungua. Gharama imelipwa nyuma: tairi la ndani limebakiwa na nyutoni 490 hivi, karibu kuinuka kutoka ardhini. Picha za magari ya mbio yakikata kona kwa magurudumu matatu zinatokana na hesabu hii.

Marekebisho yenyewe huhitaji kadiri. Ukakamavu wa ufito wa stabilaiza hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 16 hadi 18 ni tofauti ambayo jicho laweza kuipuuza, ilhali ukakamavu umeongezeka kwa asilimia 60. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja, ukakamavu wake hupanda kwa asilimia 20 na gari hushuka. Mipira inayobanwa kati ya mizunguko huiongezea springi ukakamavu pia, ila huliinua gari, na kitovu cha uzito kikipanda, jumla ya uhamaji hupanda nacho. Kipande kinachowekwa chini ya kikalio cha springi huinua tu, bila kugusa ukakamavu. Fundi asiyekuwa na maneno ya kutenganisha mambo haya anaweza kuuza kimoja akidhani anauza kingine.

Katika historia ya mbio za Afrika Mashariki, magari ya aina hii hayakuwa wageni. Mwaka 1956 mashindano ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally yalishindwa na gari la DKW lililovutwa na magurudumu ya mbele, na mwaka 1964 Erik Carlsson alimaliza wa pili kwa Saab. Carlsson alisifika kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta. Breki hukandamiza mbele na kuupunguzia mkia mshiko, gari likageuka. Alichofanya mguu wake kwa sekunde moja, stabilaiza nene ya nyuma hufanya muda wote, mvua isinyeshe au inyeshe.

Na hapo ndipo penye hatari. Dereva aliyezoea upindaji hafifu akiingia kwenye kona kwa kasi, huogopa na kuachia mafuta ghafla. Kwa gari la kawaida silika hiyo humwokoa. Kwa gari lililokakamazwa nyuma, mgandamizo hukimbilia mbele, tairi za nyuma ambazo tayari zilikuwa zimebakiwa na kidogo hupoteza mshiko, na upindaji mkithiri huja bila hodi. Uwanjani atazunguka na kuishia nyasini. Lakini barabara inayopita Kimumu haiishii Iten. Huteremka kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, na kona zake hazina nyasi za kumpokea mtu.

Kwa sababu hiyo, karatasi ya kazi ya karakana haifai kuandikwa "nyuma ifanywe ngumu". Yafaa iandikwe: "Stabilaiza ya nyuma iongezwe kutoka milimita 16 hadi 17. Springi zisikatwe. Ukinzani wa shokamzoba usibadilishwe. Upepo wa tairi upimwe kabla na baada. Gari lijaribiwe uwanjani, na stabilaiza ya awali irudishwe kabla ya kutumika barabarani."