Kulipa madeni ya nyumba polepole, wakati watoto wangali wadogo

Somo kwa baba na mama wa vijiji vya Tshangalele

Katika masomo mengine twafundisha kupanda mahindi kwa mistari na kukausha samaki vizuri. Somo hili si la jembe wala la wavu. Ni la kaye na kalamu. Lakini ni la shamba vilevile, maana mahindi ya watu wengi huliwa na deni kabla hayajaingia ghalani.

Kwanza yafaa kujua kwa sababu gani deni la siku hizi ni gumu kuliko deni la wazee wetu. Ziwa letu la Tshangalele si ziwa la kale. Maji yake yalikusanyika nyuma ya lango la Mwadingusha, katika mto Lufira, na mtambo wa umeme ulianza kazi mwaka 1930 ili kuvipa nguvu viwanda vya shaba. Tangu siku hizo tunakaa kati ya mambo mawili: huku samaki na mashamba, kule mshahara wa Likasi. Wakati wa Union Minière mfanyakazi alipokea posho kila juma, na mwenye duka aliandika deni lake bila hofu, kwa kuwa siku ya mshahara ilijulikana na watu wote. Baadaye kampuni ikawa Gécamines, na katika miaka ya 1990 mshahara ukaanza kuchelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa hesabu ya mwisho, na jamaa nyingi zikarudia jembe na wavu. Desturi ya kukopa ilibaki, lakini siku ya kulipa ilipotea. Deni lisilo na siku yake ndilo linaloharibu nyumba.

Mimi sisemi kwamba kukopa ni vibaya. Mtoto akipata homa usiku, nani atangoja mahindi yakomae? Nasema kwamba aliyekopa lazima ajue anadaiwa nini, na nani, na kama deni linazaa au halizai.

Basi baba na mama wakae pamoja jioni, watoto wakiisha kulala, wachukue kaye moja. Wakae wote wawili. Mara nyingi baba ana madeni yake kwa wavuvi wenzake, na mama ana madeni yake sokoni, na kila mmoja anamficha mwenzake kwa haya. Hivyo hakuna mtu nyumbani anayejua jumla. Andikeni jina la kila anayewadai, halafu kiasi, halafu neno moja: linazaa, au limelala. Deni linalozaa ni lile linaloongezeka kila mwezi. Deni lililolala ni lile linalokaa vilevile mpaka ulilipe. Asiyejua kuandika amwite mtoto wake wa shule, au achore alama.

Deni baya kupita yote huku kwetu ni lile watu wanaloliita Banque Lambert. Jina hilo limetoka kwa benki moja ya Ubelgiji, ambayo haihusiki kabisa na jambo hili. Watu wameliazima tu kwa mzaha. Mtu anakukopesha fedha leo, na mwisho wa mwezi anataka fedha yake na nyongeza juu yake. Nyongeza hiyo mara nyingi ni nusu ya fedha yenyewe, na wengine wanataka zaidi. Ukikosa kurudisha yote, unalipa nyongeza peke yake, na deni linabaki palepale likikungoja.

Tufanye mfano. Hesabu hii ni ya kufundishia tu. Ninyi mtatia hesabu zenu. Baba na mama wana watoto watatu, na wa mwisho angali ananyonya. Wanadaiwa franka 60,000 na mtu wa Banque Lambert, 40,000 dukani, 50,000 kwenye nyumba ya dawa na 30,000 na shemeji. Jumla ni 180,000. Tena jirani anawadai gunia moja la mahindi. Kila mwezi, kwa makala, samaki na mboga, wanaweza kutenga 30,000 kwa madeni, wala si zaidi.

Watu wengi watafanya nini? Watampelekea Banque Lambert ile 30,000 kila mwezi, kwa kuwa yeye ndiye anayepiga kelele mlangoni. Baada ya miezi sita wamekwisha kutoa 180,000, na bado wanadaiwa 60,000 zilezile. Dukani hawajalipa hata franka moja, na shemeji haji tena kuwasalimu. Fedha iliyotosha kulipa madeni yote ya mwanzo imeliwa na nyongeza tupu. Someni tena maneno haya, muyahesabu kwa mawe kama hamsadiki.

Sasa tazameni njia nyingine. Mama anakubaliana na mama wengine watano kufanya likelemba, kila mmoja akitoa 15,000 kwa mwezi. Watu sita, kila mwezi 90,000, na kila mwezi anapokea mmoja wao. Anawaambia wenzake kweli shida yake, anaomba apokee wa kwanza. Mwisho wa mwezi wa kwanza anashika 90,000, na siku ileile anampelekea Banque Lambert 60,000 pamoja na nyongeza ya mwezi mmoja, 30,000. Deni linalozaa limekufa. Kwa ile 30,000 wanayotenga, nusu yaingia likelemba kila mwezi mpaka zamu za wenzake zitimie, na nusu nyingine, 15,000, inakwenda kwa madeni yaliyolala. Katika miezi sita hiyo nusu ya pili inakuwa 90,000: duka limelipwa, na nyumba ya dawa imelipwa. Mwezi wa saba, 30,000 yote ni ya shemeji. Fedha ni ileile, 30,000 kwa mwezi, lakini kwa mwezi wa saba hawadaiwi franka.

Likelemba yataka watu waaminifu. Msiingie na watu msiowajua, wala kundi la watu ishirini ambalo zamu yako itafika mwaka ujao. Na yule aliyepokea kwanza akiacha kutoa, amewaibia wenzake watano; hapo deni moja limekuwa matano, tena ni deni la aibu. Kama hakuna likelemba, nendeni kwa mdai pamoja na mtu mzima wa kijiji, mwombe akubali kusimamisha nyongeza, nanyi mtalipa kidogo kila juma siku iliyopangwa. Wengine watakataa. Lakini wengine wanapenda zaidi kupata fedha yao polepole kuliko kuipoteza, kwa maana wao pia wanajua kwamba mtu aliyebanwa sana huhama usiku.

Sasa habari ya mahindi. Watu huniuliza: nikivuna mwezi wa Mei, niuze upesi nilipe madeni, au ningoje bei ipande? Wakati wa mavuno kila mtu anauza, na bei iko chini. Katika mwezi wa Desemba na Januari ghala ni tupu, na unga ni ghali. Jibu linatoka katika kaye. Kama mdai ni mwenye duka au shemeji, ambaye deni lake limelala, mwombe angoje, umlipe kidogo kidogo kwa mboga na samaki, na mahindi yakae ghalani. Lakini kama deni linazaa nusu kila mwezi, uza mahindi Mei hiyohiyo ulimalize, hata kwa bei ndogo. Mahindi hayapandi bei nusu kila mwezi. Deni lile linapanda. Kungoja hapo ni kujidanganya.

Yako mahindi ambayo hayaguswi na deni lolote. Kwanza mbegu. Pili chakula cha nyumba mpaka mahindi mabichi ya Februari. Mtajuaje kiasi? Andikeni ukutani siku mliyofungua gunia la unga, na siku lilipokwisha. Kama gunia lilikaa siku thelathini, basi tangu Juni mpaka Februari mnahitaji magunia tisa, na moja zaidi kwa wageni na kwa kilio. Yanayobaki juu ya hayo ndiyo ya kuuza, na katika hayo mtatoa gunia la jirani. Msiuze kamwe mahindi yangali mabichi shambani. Mnunuzi anayekuja Januari na fedha mkononi amekuja kununua njaa yenu.

Mahindi ya kukaa muda mrefu yakauke kabisa. Punje ikivunjika kwa meno kwa sauti, imekauka. Yawekeni juu ya uchaga, mbali na mvua na panya.

Nafika sasa kwa watoto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona kosa kubwa katika nyumba za watu wenye bidii. Baba na mama wanaotaka kumaliza deni upesi hupunguza chakula. Wao wenyewe wanaweza kula bukari na sombe siku nyingi, wakavumilia. Lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili, akipewa uji wa mahindi mtupu au wa mihogo mitupu, mwili wake hauna kitu cha kujengea. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, hataki kucheza. Hapo mtampeleka kwa daktari, na fedha ya siku chache za hospitali itapita deni lote mlilotaka kulipa. Basi karanga na maharagwe ya uji wa watoto msiyahesabu katika mali ya kulipia. Wekeni katika chungu chake, kisiguswe. Samaki wadogo waliokaushwa na kutwangwa, wakitiwa katika uji, ni dawa iliyo karibu nasi wakaaji wa ziwa. Lakini wengi tunawauza wote, hata wale wasio na bei.

Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Hayo hayanunuliwi. Chanjo za watoto ni bure. Na mama apumzike walau miaka miwili baada ya kuzaa, kabla ya kuchukua mimba nyingine. Baba, neno hili si la mama peke yake. Mtoto akiachishwa ziwa upesi kwa sababu mdogo wake yuko njiani, ndiye yule anayevimba miguu.

Tangu Septemba 2019 masomo katika shule za msingi za serikali ni bure. Nguo, makaye na viatu bado vyataka fedha, na mwezi wa Agosti watu hukimbilia Banque Lambert kwa ajili ya vitu hivyo. Tengeni 2,000 au 3,000 kila mwezi tangu mavuno, mtaona Septemba haina kishindo.

Lakini wako watu wanaosema: deni ni kubwa, mtoto wa miaka kumi akaoshe mawe ya shaba kwa muda tu, deni likiisha atarudi shuleni. Mimi sikubali, wala sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 haikubali kumtia mtoto katika kazi ya kumwumiza. Maneno ya kwa muda tu ni ya uongo. Mtoto aliyezoea kuleta fedha nyumbani, wazazi wanazoea pia, na deni jipya linachukuliwa juu ya mgongo wake. Vumbi na maji ya machimbo hayamfai mtu mzima, sembuse mtoto.

Yafaa zaidi kutafuta fedha ya kila juma katika bustani ya dembo wakati wa kiangazi. Lengalenga huwa tayari kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Nyanya na kabichi zinakawia, lakini zinaleta zaidi katika soko la Likasi na kwa abiria wa Kapolowe. Chagueni mahali penye chemchemi safi. Maji ya mto Panda yanapita viwandani Likasi kabla ya kuingia Lufira. Msinyweshee nayo mboga za watoto.

Kila siku ya kulipa, nendeni na kaye. Mdai aandike kiasi alichopokea na kiasi kilichobaki, atie alama yake, na shahidi atie yake. Kama hamna 5,000 siku hiyo, pelekeni 1,000, lakini msikose kufika. Na deni likiisha, takeni ile karatasi ya kwanza irudishwe mikononi mwenu.

Maulizo. Katika madeni ya nyumba yako, ni lipi linazaa? Mtu anadaiwa 40,000 kwa nyongeza ya nusu kila mwezi, na analipa 20,000 kila mwezi. Baada ya miezi mitano ametoa kiasi gani, na bado anadaiwa kiasi gani? Gunia lenu la unga linakaa siku ngapi? Nani nyumbani kwenu ameshika ufunguo wa chungu cha karanga?