Kiharusi: Saa za Kwanza na Vidonge vya Kila Siku

Mtu aliyeamka mzima, akashika jembe, kisha akaanguka ghafla huku mdomo umepinda na mkono umelegea, huzua maswali mengi kijijini kabla hajaanza safari ya hospitali. Wapo wasemao amepigwa na jini. Wapo wasemao ni upepo mbaya, au mkono wa mtu. Wakati hayo yakijadiliwa uani, jua linapanda, na ndani ya kichwa cha mgonjwa kuna jambo linaloendelea bila kusubiri uamuzi wa kikao.

Wakazi wa Mazingara na wenzao wa Handeni na Korogwe hawako peke yao katika mashaka hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha namna watu wa Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wanavyoeleza chanzo cha kiharusi. Wengi wangetarajia kwamba imani ya majini ingekuwa na nguvu zaidi shambani kuliko mjini. Ilikuwa kinyume chake. Huko Dar es Salaam ndiko kiharusi kilikohusishwa zaidi na majini na uchawi, ilhali Hai watu wengi walikitaja kuwa ni maradhi ya mwili. Basi asidhani mtu kwamba fikra hizi ni alama ya ushamba.

Tiba ya kisasa inaeleza hivi: ubongo hulishwa kwa damu, na damu hupita katika mishipa. Mshipa ukiziba kwa donge la damu, au ukipasuka na kuvuja, sehemu ya ubongo inayotegemea mshipa huo huanza kufa. Mwaka 2006 ilikadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe za neva zipatazo milioni 1.9 kwa kila dakika. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huongoza wa kulia, mgonjwa hupooza upande mmoja.

Utafiti mkubwa kuhusu kiharusi nchini ulifanyika kati ya Juni 2003 na Juni 2006 huko Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Watafiti hawakukaa hospitalini wakisubiri wagonjwa. Walifuatilia jamii nzima, hata waliougulia na kufia nyumbani. Walipata wagonjwa 636 katika miaka hiyo 3. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kwamba kila mwaka watu wapatao 109 kati ya 100,000 walipata kiharusi Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wazee wa Ulaya ulikuwa tayari umeketi sebuleni kwetu.

Ni nini kilicholeta hali hiyo? Utafiti wa kimataifa uliohusisha nchi 32, Uganda ikiwamo, ulionyesha mwaka 2016 kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takribani viharusi 9 kati ya 10. Yamo humo kisukari, tumbaku, ulevi, ulaji mbaya na kukaa bila kuushughulisha mwili. Hata hivyo, linaloyapita yote ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi hulita presha. Uchambuzi uliofanywa Dar es Salaam uliongeza jambo linalohusu nyumba nyingi: maambukizi ya VVU nayo yalihusishwa na kiharusi.

Presha haina kelele. Mtu hulima, hucheka, huenda mnadani, na mishipa yake inaumia polepole. Huko Hai, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu wazee 70 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu, na ni wachache tu miongoni mwao ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa. Ikumbukwe kwamba hao ni wakulima wa mlimani, si watu wa kupanda lifti.

Kosa linalojirudia ni hili. Mgonjwa hupewa vidonge, humeza mwezi mmoja, kichwa kinaacha kuuma, kipimo kinasoma vizuri, naye huona kwamba amepona. Anaacha. Au anameza siku anayojisikia vibaya, na siku nyingine anamwazima jirani. Lakini kipimo kile kilisoma vizuri kwa sababu ya vidonge. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria inayomezwa siku 3 ikaisha; hiyo ni kama palizi, ukiiacha magugu yanarudi. Anayesumbuliwa na dawa, iwe kwa kizunguzungu au kuvimba miguu, arudi zahanati abadilishiwe, asiikatishe mwenyewe.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Nchini China, watafiti walifuatilia watu 20,995 katika vijiji 600 kwa muda wa karibu miaka 5. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo sehemu yake moja kati ya nne ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya namna hiyo ni adimu madukani kwetu, tena haimfai mwenye ugonjwa wa figo. Lakini kupunguza chumvi ya kawaida hakuhitaji duka: ng'onda aoshwe na kulowekwa kabla ya kupikwa, na kisamvu au mchicha usiongezewe chumvi mezani.

Dalili za kiharusi zinatambulika hata na mtoto wa shule. Mwambie mtu atabasamu, uone kama uso umeshuka upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie ataje jina lake, usikie kama ulimi mzito. Dalili moja inatosha kuanza safari. Na zikitoweka baada ya nusu saa, safari isiahirishwe, kwa maana hilo mara nyingi huwa onyo la kiharusi kikubwa kinachofuata.

Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya CT-Scan kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa sababu hiyohiyo asprini isitolewe nyumbani: aliyeziba mshipa inaweza kumfaa, aliyepasuka inaweza kumdhuru. Asinyweshwe maji wala uji, maana koo lililopooza hupeleka chakula mapafuni. Alazwe ubavu na asafirishwe kwa gari. Kumbana katikati ya watu wawili juu ya bodaboda ni kumtafutia anguko la pili.

Ni kweli kwamba dawa hiyo ya kuyeyusha donge hupatikana katika hospitali chache tu nchini, na mtu anaweza kuuliza haraka ni ya nini. Jibu limetoka mwaka 2023. Katika hospitali 121 za nchi 10, Nigeria ikiwamo, wagonjwa waliovuja damu ubongoni walishughulikiwa mapema kwa mambo ya kawaida: kushusha presha, kudhibiti sukari, kutuliza homa na kurekebisha damu iliyofanywa nyepesi na dawa. Walipona vizuri zaidi, na vifo vikapungua.

Baada ya hatari kupita huanza kazi ndefu. Utafiti wa mwaka 2015 ulionya kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kunaweza kupunguza nafuu yake. Huko India, mwaka 2017, familia zilizofundishwa kuendesha mazoezi nyumbani hazikuleta matokeo bora kuliko huduma ya kawaida. Ndugu wasikate tamaa kwa habari hiyo, ila wasiache kliniki ya mazoezi tiba wakidhani upendo unatosha. Nyumbani wamgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda, wasiuvute mkono uliopooza, na wamwache ajaribu kushika kikombe mwenyewe hata akimwaga.

Wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo. Utambuzi wao huanzia serikali ya kijiji, na ni vema ukamilishwe mzee angali anatembea, maana siku ya kuanguka hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumtafuta mtendaji.