Sugu ya Mkono na Moshi wa Tumbaku

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli, nazo hujitahidi kuizoea taabu izipatayo. Mtazame mkulima: akirudia jembe baada ya mapumziko marefu, viganja hutoka malengelenge, akilima kidogo kidogo kila siku, seli za ngozi huongezeka, zikafanya sugu ya kumkinga.

Lakini si kila mazoea yana heri. Katika njia ya pumzi zimo seli zenye vijinywele visukumavyo vumbi na makohozi kwenda juu. Moshi wa tumbaku ukizisumbua miaka mingi, mahali pake hushikwa na seli bapa ziwezazo kustahimili moshi, lakini hazina vijinywele. Makohozi hukaa, na mvutaji hulazimika kuyatoa kwa kukohoa kila asubuhi. Taabu ikizidi kuendelea, baadhi ya seli hizo huweza kugeuka kuwa saratani.

Hata hivyo, mtu akiacha kuvuta mapema, seli zenye vijinywele huweza kurudi. Basi, msomaji, usikidharau kikohozi chako kwa kusema, “Nimekizoea.” Kuzoea si kupona.