Somo la wiki: Tulifungwa, tulichapwa au tulizidiwa?

Wanafunzi wetu, wiki hii tuko kwenye kauli ya kutendwa, yaani vitenzi vinavyopata -w- mwishoni: piga, pigwa, funga, fungwa, zidi, zidiwa. Mifano tungeweza kuichukua kwa Simba na Yanga, ambao baba zenu hawachoki kuwabishania. Lakini nyinyi mnakuja darasani na kofia za besiboli, basi twende na besiboli.

Ni Oktoba 2007. Colorado Rockies ya Denver, iliyoanza ligi kuu mwaka 1993, imefika World Series kwa mara ya kwanza. Imeshinda mechi 21 kati ya 22, kisha ikakaa siku nane ikimsubiri mpinzani. Mpinzani akawa Boston Red Sox. Bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne.

Mechi ya kwanza Boston walishinda 13 kwa 1. Ya pili, 2 kwa 1. Ya tatu, 10 kwa 5. Ya nne, tarehe 28, 4 kwa 3. Nne bila! Jumla ya pointi, 29 kwa 10.

Tuseme wewe ni shabiki wa Rockies usiku ule. Utasemaje?

"Tulifungwa" ni habari tu, kama ya redioni. "Tulichapwa" lina fimbo ndani yake. Kwa mechi ya kwanza linafaa kabisa, lakini kwa ya pili na ya nne si kweli: aliyepitwa kwa pointi moja hakuchapwa.

"Tulionewa" ni neno zito, kwa sababu linamshtaki mtu. Kauli ya kutendwa inaweza kumficha mtenda, kwa hiyo muulize msemaji: na nani? Tulionewa na nani? Na mwamuzi? Na zile siku nane za kukaa bure? Huenda ziliwapoza wachezaji, lakini kusubiri si kuonewa. Mashabiki wa kila mchezo hulipenda neno hili mno, na wachache huweza kujibu "na nani".

"Tulishindwa" lina maana mbili. Tulishindwa na Boston, yaani wao walishinda. Lakini pia tunasema "nimeshindwa kulala", yaani sikuweza. Wazazi, mtoto akirudi uwanjani akasema "nimeshindwa", msikilizeni vizuri: anasema habari za mechi, au anajisema mwenyewe?

Mimi ningechagua "tulizidiwa". Linakubali kwamba wenzetu walikuwa na zaidi, wala halisemi kwamba sisi hatukuwa na kitu. Timu iliyoshinda mechi 21 kati ya 22 ilikuwa na kitu.

Na shabiki wa Boston? Aseme "tuliwazidi", atosheke. Timu yake ilikaa bila ubingwa tangu 1918 hadi 2004, miaka 86, kwa hiyo ladha ya kuzidiwa anaijua.

Zoezi: Mweleze mzazi wako, kwa sentensi tano, mechi ambayo timu yako ilipoteza. Tumia vitenzi vitatu vya kutendwa. Kila ukitaja kimoja, mzazi aulize "na nani?", nawe ujibu kwa sentensi kamili. Leteni daftari Jumamosi.