Pikipiki Imezeeka: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Huenda jambo hili limewahi kutokea nyumbani mwenu. Jioni bwana anarudi kutoka steji ya Machakos mjini akiisukuma pikipiki. Mama anatoka jikoni na kuuliza, "Baba watoto, imezima tena?" Bwana anajibu kwa hasira, "Hii ni ya kuuza. Kesho nachukua mpya kwa mkopo." Mama ananyamaza, maana anajua karo ya muhula ujao haijapatikana.

Mazungumzo yakiishia hapo, nyumba imepata ufa. Ili msifike huko, tufuate hatua tatu.

1. Jueni kilichoharibika. Cheni, spiraketi, tairi, plagi na breki ni vitu vya kuisha. Hata pikipiki mpya itavidai, basi msiihukumu ya zamani kwa hivyo. Moshi wa bluu usiokoma na oili inayopungua bila kuvuja ni habari nyingine: oili inaungua ndani, mara nyingi kwa kuwa ringi za pistoni au silinda imelika. Hiyo ni gharama kubwa, lakini injini hufanywa upya. Fremu iliyopasuka au kupinda ni hatari zaidi. Anayepanda na kushuka milima ya Iveti akiwa amebeba abiria au watoto wa shule asiridhike na kuchomelea tu. Hapo uhai hutangulia hesabu. Nendeni kwa fundi pamoja, kisha mkamsikilize na wa pili.

2. Andikeni hesabu, na msisahau siku zilizopotea. Tuseme katika miezi sita mmelipa fundi na spea shilingi 21,000, yaani 3,500 kwa mwezi. Tena pikipiki hulala kwa fundi siku nane kila mwezi, na kila siku ingeleta shilingi 700 baada ya petroli. Hizo ni 5,600. Jumla, ya zamani inawagharimu 9,100 kwa mwezi. Mkopo wa mpya ni shilingi 400 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 10,400. Hapa ya zamani bado ni nafuu. Lakini ikianza kulala siku kumi, inakula 10,500 na imeupita mkopo. Kumbukeni pia kwamba mkopo haungoji mgonjwa apone wala mvua ipite, na asiyelipa hunyang'anywa chombo. Kwa upande mwingine, mkopo una mwisho wake, na baadaye chombo ni chenu.

3. Amueni wawili. Bwana ndiye anayeiendesha, naye anajua uchovu wa kusukuma. Mama anajua unga, karo na deni la chama. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Bwana akichukua mkopo kwa siri, mama ataujua siku pesa za karo zitakapokosekana, na kitakachovunjika siku hiyo hakina spea. Naye mama asimcheke mumewe kwa chombo kibovu mbele ya watoto. Bwana huyo hajashindwa, amechoka.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali zote mbili ni za kweli, na daftari ndilo litakalowaonyesha ipi ni yenu mwezi huu.

Maswali ya kujadiliana jioni hii, watoto wakishalala:

– Je, sote wawili tunajua pikipiki ilikula pesa ngapi mwezi uliopita?
– Tukikosa kazi kwa wiki mbili, mkopo tutaulipa na nini?
– Je, kuna deni ambalo mmoja wetu bado hajalitaja?

Anzeni na swali la mwisho.